Tunajuaje kwamba wingu la gesi liko kwenye kitovu cha galaksi?

Swali: Darubini za redio hupima mawingu ya gesi karibu na kitovu cha galaksi yetu. Lakini kati yetu na huko kuna gesi nyingine tele upande huohuo. Mnatofautishaje ya njiani na ya kitovuni?

Jibu: Ndugu msomaji, hapo ndipo penye kazi yenyewe. Darubini haipimi umbali. Kitovu kiko miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka kwetu, na gesi yote iliyo njiani huingia pamoja kwenye kipokezi.

Tunaanza na kasi. Haidrojeni ya molekuli ndiyo iliyo nyingi, lakini ikiwa baridi karibu haitoi mawimbi ya redio, kwa hiyo tunafuata kaboni monoksidi iliyochanganyika nayo. Hii hung'aa kwenye masafa ya gigahezi 115.271, na gesi ikituacha, masafa hayo hushuka. Jirani na Sagittarius A*, shimo jeusi lililo kitovuni, kuna wingu linaloitwa kwa kasi yake tu, wingu la kilomita 50 kwa sekunde. Mstari wake, yaani mwanga wa redio uliokusanyika kwenye masafa yake maalumu, tunaukuta karibu na gigahezi 115.252. Tofauti hiyo ya megahezi 19 vipokezi vya leo huiona kwa urahisi.

Ila kasi peke yake hudanganya. Gesi inayozunguka kwa utulivu mbele ya kitovu hukatiza mbele yetu, kwa hiyo kasi yake kwetu huwa karibu na sifuri; kasi kubwa basi huashiria gesi ya kitovuni. Lakini upo mkono mmoja wa galaksi (ukanda wa nyota na gesi uliojipinda), mbali kabisa na kitovu, unaokuja upande wetu kwa kilomita 53 hivi kwa sekunde. Anayesoma kasi tu atauhesabu kuwa gesi ya kitovuni.

Kinachoutambulisha ni wembamba wa mstari wake. Mawingu ya kitovuni yana msukosuko mkali, gesi yake ikienda kwa kasi mbalimbali, na mistari yao hutanuka hadi kilomita 20 kwa sekunde na zaidi; ya kwenye mikono huwa kilomita chache tu. Kisha kuna joto. Amonia, iliyogunduliwa angani mwaka 1968 kuelekea kitovu hichohicho, hutoa mistari kadhaa karibu na gigahezi 23.7, na uwiano wa nguvu zake hutupa joto la gesi. Mawingu ya kawaida yana kelvini 10 hadi 20. Ya kitovuni mara nyingi 50 hadi 100. Mimi huamini zaidi upana na joto vikikubaliana kuliko kasi yoyote.

Kupanga mawingu ya kitovuni yenyewe, lipi mbele na lipi nyuma, ndiko kugumu zaidi, na wataalamu bado wanabishana. Ushahidi mzuri ni ufyonzwaji: formaldehaidi, molekuli nyingine ya mawingu haya, ikiwa mbele ya chanzo king'aavu cha redio hukata sehemu ya mawimbi yake kwenye gigahezi 4.83. Pengo hilo lisipoonekana, usikimbilie kusema wingu liko nyuma. Hakikisha kwanza kwamba kweli linakifunika chanzo hicho.