Bomba la tangi la samaki linalokoroma usiku

Umesema bomba linaloshusha maji kutoka tangi la samaki hadi tangi la chini, la kuchujia, linakoroma na kubwia. Pampu yako haina kosa. Maji na hewa vinagombania njia moja.

Kwa kuwa una bomba moja tu, usiliwekee koki: konokono mmoja akiziba, sebule inaogelea. Funga tii (kiungo chenye midomo mitatu) juu ya bomba, mdomo wa pembeni uwe na elbo (kiungo cha kona) inayotazama chini ili maji yaingie bila kuvuta hewa. Mdomo wa juu uweke kifuniko, ukitoboe kwa biti ya milimita 3. Kiwango cha maji kikipanda, kisha kikashuka kwa kishindo kama choo kinachovutwa, tundu ni dogo. Ongeza nusu milimita kila mara. Usigundishe kifuniko kwa gundi, utakijutia.

Halafu angalia chini, wengi husahau huko. Ncha ya bomba izame sentimita 2 au 3 tu kwenye maji ya tangi la chini. Ikizama 15, hewa inakwama na kutoka kwa mabubujiko makubwa.

Ukiwa na nafasi ya kutoboa tangi na kuweka bomba la pili, hapo ndipo koki ya geti, ile inayobana maji kidogo kidogo, inafaa: bana la kwanza mpaka lijae maji tupu, la pili liache wazi, mdomo wake juu kidogo ya la kwanza, kwa dharura.