Kabla ya kutia sahihi fomu ya utafiti wodini

Mwanangu alipolazwa kwa homa kali katika hospitali moja ya Pwani, dada mmoja wa kitengo cha utafiti aliketi nami kwenye benchi la wodi, karibu saa nne za usiku, akanisomea fomu ya ridhaa ya kurasa sita huku macho yangu yakiwa kwenye dripu. Nilitia sahihi. Miezi miwili baadaye jirani aliniuliza damu ya mtoto ilipelekwa wapi, nami sikuwa na jibu, wala sikukumbuka nakala yangu ya fomu niliiweka wapi.

Nisieleweke vibaya: sipingi tafiti za hospitalini. Kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba nchini Kenya, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, kilichoanzishwa mwaka 1989 katika hospitali ya Kilifi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford, ndicho kilichoongoza utafiti ulioitwa FEAST, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waliingizwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ili ijulikane kama kuwapa maji mengi ya mshipa kwa haraka, jinsi miongozo ilivyokuwa ikielekeza, kunawaokoa. Wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Ikaonekana kwamba miongoni mwa waliopewa maji hayo, takriban 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48, ilhali kwa wasiopewa walikuwa takriban 7. Hospitali moja peke yake ingehitaji miaka mingi kupata watoto wa kutosha kuona tofauti hiyo, na hapo ndipo mtandao wa washirika unapokuwa na maana.

Lakini mtandao huohuo ndio unaomfanya mzazi awe na maswali zaidi. Uliza kwanza lipi ni tiba ambayo mtoto angepata hata bila utafiti, na lipi limeongezwa kwa ajili ya utafiti. Uliza damu itatolewa kiasi gani, na uombe kipimo cha nyumbani: kijiko kimoja cha chai ni kama mililita tano, na jibu la namna hiyo linazima hadithi za mumiani kuliko hotuba yoyote. Kisha uliza sampuli itapimwa wapi, itahifadhiwa kwa muda gani, na washirika gani wa nje wataitumia. Hakikisha nambari ya simu ya kamati ya maadili imo kwenye nakala unayoondoka nayo, na usikubali kuondoka bila nakala.

Mwaka jana mdogo wa mwanangu huyo alilazwa, na safari hii niliuliza yote hayo. Afisa wa utafiti, kijana mpole, hakujua sampuli zingekaa kwenye friza kwa miaka mingapi. Alitoka, akarudi baada ya nusu saa na jibu lililoandikwa. Nilikubali utafiti, lakini nikakataa sampuli kuhifadhiwa kwa tafiti za baadaye. Alitia alama kwenye kisanduku cha «Hapana» bila kunihoji, na muuguzi akaendelea kumpa mtoto dozi yake ya usiku.