Usiwalishe hao farasi kabla hujawapima mbio

Mkuu, hayo matofaa ya dhahabu yarudishe sandukuni sasa hivi. Umeandika kwamba una farasi wawili kwenye mchezo wa Minecraft, umewapanda sana mpaka wamezoea, wote wana mioyo mingi (ile inayoonyesha afya), na usiku huu unataka kuwazalisha upate farasi wa mashindano kwenye seva yenu ya Tabata. Ukauliza uanze leo au usubiri, banda ulijenge wapi, na mweupe anapatikanaje. Usianze leo. Banda na rangi viache kwanza.

Hilo la "nimewapanda sana" linaniumiza kulisoma, maana najua limetoka wapi. Farasi wa Minecraft haongezi mbio kwa kupandwa. Kasi yake, uwezo wake wa kuruka na afya yake vinapangwa pale pale anapotokea duniani, na atakuwa navyo hivyo hivyo mpaka afe. Kumpanda kunamzoesha tu: anakuangusha, unapanda tena, mpaka vimioyo vinamruka kichwani, hapo amekuwa wako na unaweza kumtandika na kumzalisha. Basi. Hata mtoto harithi huko kuzoea. Akishakua unaanza naye upya, kupanda na kuangushwa.

Hilo la mioyo ndilo lililonigharimu mimi. Ukiwa juu ya farasi, mioyo ndiyo sifa pekee ambayo mchezo unakuonyesha. Wa porini wanakuwa na kuanzia mioyo 7 na nusu hadi 15. Kasi haijaandikwa popote, na kimo anachoweza kuruka hakijaandikwa popote. Kwa hiyo macho yako yanakimbilia mioyo na unadhani umeshamjua mnyama. Hujamjua. Hizo sifa tatu kila moja inapangwa peke yake, haijali nyingine. Farasi wa mioyo 15 anaweza kuwa mzito kiasi kwamba wewe mwenyewe ukikimbia kwa miguu unamwacha. Sikutishi: mchezaji akikimbia anapita bloku 5.6 kwa sekunde (bloku ni yale matofali ya mraba yanayojenga dunia ya mchezo), na farasi mzito kuliko wote anapita 4.7. Mwenye mbio kuliko wote anapita 14.2.

Nilikuwa na farasi mweusi niliyemkamata savana, mioyo minane. Nilikuwa pia na wawili wa kahawia, mioyo imejaa. Kuna jamaa ana chaneli ya video, anazungumza Kiswahili safi na kwa kujiamini utafikiri mchezo aliuandika yeye. Akasema mwenye mioyo mingi ndiye mwenye damu nzuri, zalisha huyo, wengine gawa. Akaongeza kwamba ukimpanda sana kabla ya kumzalisha, mtoto anazaliwa na mbio zaidi. Nikamwamini. Mweusi nikampa rafiki yangu wa Mbagala, bure, na tandiko nikamwachia.

Wale wa kahawia nikawalisha matofaa ya dhahabu, maana jamaa alisema karoti ni za mtoto wa kawaida na tofaa ni la mtoto bora. Uongo mtupu. Tofaa moja linakula ingoti (vipande vya dhahabu iliyoyeyushwa) 8, na kila kuzalisha unahitaji mawili, kwa hiyo ingoti 16. Karoti ya dhahabu inakula nageti (vipunje vya dhahabu) 8, na nageti 9 ndiyo ingoti moja, maana yake karoti mbili hazifiki hata ingoti 2. Kazi ni ile ile: farasi wanapendana, mtoto anazaliwa, na sifa zake hazijui wazazi walikula nini. Dhahabu yote niliyoihenyea kule Nether, ile dunia ya moto ndani ya mchezo, nikiwindwa na kila kitu chenye meno, ikaishia tumboni mwa farasi. Kila mtoto akikua namzoesha, nahesabu mioyo, mwenye mioyo mingi namrudisha kwenye uzazi, wengine nawaachia. Banda likajaa farasi wa kahawia wenye afya ya kutisha.

Siku tumeweka mashindano kwenye seva, rafiki yangu wa Mbagala akaja na yule mweusi. Alitupita wote. Siyo kwa pua, alitupita mpaka tukawa hatumwoni. Baadaye tukampima kwa haki: bloku 100 kwa sekunde saba na ushee. Watoto wangu wa damu nzuri walikuwa wanamaliza kwa kumi na kitu, yaani kasi ya farasi yeyote wa porini. Vizazi vyote vile nilikuwa nazalisha mioyo, na mioyo ndiyo niliyopata. Nikamwomba anirudishie mweusi wangu, akakataa, na ningekuwa yeye ningekataa pia.

Ndiyo maana nikisema nina hasira na yule jamaa wa video naomba nieleweke. Kutojua si kosa. Lakini mtu anasimama mbele ya maelfu ya vijana wanaotumia bando lao la usiku kumsikiliza, anafundisha kitu ambacho angeweza kukijaribu mwenyewe kwa dakika kumi, na hajakijaribu. Tulimwandikia chini ya video yake, akatufutia maneno. Video bado ipo, na wewe ni ushahidi kwamba bado inafanya kazi yake.

Kwa hiyo pima. Pikipiki ya mkononi pale Kariakoo huitoi hela mpaka uizungushe mtaa mmoja, na farasi ni hivyo hivyo. Tafuta uwanda tambarare, hesabu bloku 100, weka alama mwanzo na mwisho. Kama unacheza toleo la Java, lile la kompyuta, bonyeza F3 usome namba za mahali ulipo, usihangaike kuhesabu kwa macho. Rudi nyuma kidogo ya alama ya kuanzia ili ukivuka uwe tayari umeshika kasi, halafu tumia saa ya simu. Farasi wa kati na kati anachukua kama sekunde 10 na nusu. Wa sekunde 8 ni wa kutunza. Wa 7 umeokota almasi. Ukiona wa 15 na kuendelea, hata awe na mioyo 15, mpe kazi nyingine. Usipime mtandao ukiwa unasuasua, maana seva ikiwa nzito saa inakudanganya. Pitia mara kadhaa uone kama namba zinakubaliana. Na hakikisha hamna dawa ya kasi juu ya farasi, nimeona mtu akijidanganya hivyo.

Kuruka pima kwa ukuta. Jenga wa bloku 2, wa 3, wa 4, wa 5, shikilia kitufe cha kuruka mpaka kipimo kijae, kisha achia. Dhaifu wao wanavuka bloku moja kwa shida, hodari wanapita tano. Lakini kwa mashindano ya barabara tambarare wewe angalia saa tu.

Sasa kwa nini upime kabla na siyo baada: toleo la 1.19.4, la Machi 2023, lilibadilisha hesabu ya kurithi. Zamani mchezo ulichukua sifa ya mzazi mmoja, ya mwenzake, na namba ya tatu ya bahati nasibu, ukagawa kwa tatu. Ile namba ya tatu kwa kawaida ni ya farasi wa kati, kwa hiyo mabingwa wawili walikuwa karibu kila mara wanazaa mtoto aliye nyuma yao. Siku hizi mtoto anaangukia karibu na wastani wa wazazi, akipanda au akishuka kidogo, na anaweza kuwapita wote wawili. Wazazi wawili wa sekunde 8 na nusu wanaweza kukupa mtoto wa kama 7 na nusu, au wa 9 na nusu, ila wengi watakaa katikati. Ndiyo maana kuzalisha kwa kuchagua kunalipa sasa kuliko zamani. Lakini ukimchanganya wa sekunde 7 na wa 16, mtoto wa kawaida atakuwa karibu na 10. Umemchukua bingwa ukamfanya wa kawaida, na kwa dhahabu yako.

Muda wa kuzalisha basi ndio huu: ukiwa na wawili ambao saa imethibitisha wote wana mbio. Siyo mmoja. Kama ni mmoja tu, rudi mbugani au savana ukakamate wengine, kila mmoja mzoeshe, pima, achia, kamata mwingine. Wa porini hakuli dhahabu. Na usitafute dume na jike, mchezo haujali hilo, farasi wowote wawili waliokomaa na kuzoeshwa wanazaa.

Mtoto akizaliwa anakua kwa dakika 20, ukimlisha marobota ya ngano unapunguza dakika 3 kwa kila robota. Wazazi wanapumzika dakika 5 kabla ya kuzaa tena. Mtoto akikua, mzoeshe, mpitishe kwenye bloku 100. Akiwa mwepesi kuliko mzazi aliye nyuma, anachukua nafasi ya mzazi huyo. Akiwa mzito, hazai kabisa kwenye banda lako, hata kama ana mioyo 15 na sura ya kifalme. Na usimgawe farasi yeyote, yeyote yule, kabla hujaandika sekunde zake mahali.

Tofaa zako kula mwenyewe siku ya vita. Kachimbe karoti, zigeuze za dhahabu, lakini kabla ya hapo wapime hao wawili usiku huu huu, halafu rudi uandike hapa sekunde za kila mmoja. Nasubiri.