Mnaoanza kupima njia ya ubongo hadi misuli, msiikimbilie koili

Nyie mnaoingia chumba cha neva wiki hii najua mnaitamani koili, ule mviringo wa waya unaopiga kwa sumaku, kila mgeni huitamani, unaiweka utosini unabonyeza, mkono wa mgonjwa unaruka wenyewe. Shukuruni lakini, kabla mtafiti Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, hawajaileta 1985 kichwa kilikuwa kinapigwa umeme moja kwa moja, na unauma kweli.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kutoa na kujumlisha. Alikuja kijana mcheza basketi, mrefu kama mnazi, nikapiga utosini, wimbi la gumba, yaani jibu la msuli kwenye skrini, likatokea kwenye milisekunde 25, na mi nimezoea 20 au 21. Mbio kwa bosi, nimekamata ugonjwa! Akauliza tu, "Shingoni umepiga?" Sijapiga. Tukarudi, koili nyuma ya shingo, ikatoka 17.8, huo ni muda wa shingoni hadi gumba, toa kwenye 25 inabaki 7.2, njia ya kati, ubongo hadi shingo, nzima kabisa, mkono wake tu ndo mrefu. Ile inayobaki ndo unayoitafuta.

Afu kuna misuli yenyewe. Unapopiga kichwani mwambie abane gumba kidogo, kama kashika karatasi isidondoke, akilegea wimbi linachelewa milisekunde 2 hadi 3 na hizo zinatosha kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa, akikaza sana nako skrini inajaa makelele huoni linapoanzia. Ya shingoni alegee tu. Na usiamini pigo moja, ya kichwani hayatulii, piga 4 au 5 uchukue lililowahi.

AC nayo, mkono ukipoa neva inapunguza mwendo, karibu mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi ya joto inayoshuka, funika blanketi ngozi ifike 32. Maswali ya kifafa, chuma kichwani na betri ya moyo yaulizwe kabla hujawasha chochote, hilo halina mjadala. Plagi za masikio, yeye na wewe.

Mama mmoja nilimpandishia nguvu hadi asilimia 90, kimya, nishaanza kuandika ubongo haujibu, nikamuona anajikuna kichwani. "Mama, hizo nywele zako?" "Wigi mwanangu, si ungesema niivue?" Alipoivua wimbi likaja kwenye 60, zuri tu.