Hilo "Ruhusu" Ulilobofya Ndilo Linalokutesa

Mwezi wa saba hapa Mbeya baridi inakaza vidole mpaka kuchapa herufi moja inakuwa kazi, na mlango wa steshenari yangu ya Mwanjelwa huwa nauacha nusu. Siku ninayoizungumzia, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita alikuwa kwenye kompyuta ya pili anajaza maombi ya mkopo wa chuo. Alikuwa amefika mbali: wazazi, mdhamini, shule alizosoma. Cheti chake cha kuzaliwa tulichokiskani kikawa kizito, mfumo ukakikataa. Nikamwambia, "Sogea kidogo mdogo wangu, nikupunguzie."

Nikafungua tovuti ya kwanza niliyoiona ya kupunguza PDF. Kikatokea kikasha: bofya Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Nikabofya. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kijani, kikubwa kama kiganja, kimeandikwa Pakua. Nikabofya na hicho. Skrini nzima ikawa nyekundu, sauti ya kike ikaanza kupayuka kwa Kiingereza kwamba kompyuta imeingiliwa na virusi, nisiizime, nipige namba fulani haraka. Alama ya kufunga haionekani. Wateja wanne wamegeuka wananitazama. Nami, mtu wa kompyuta miaka tisa, nikakandamiza kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazima. Fomu ya yule kijana ikaenda nayo. Tulianza upya, na hela yake sikuichukua.

Kumbe dawa ilikuwa kitufe cha Esc. Ule ulikuwa ukurasa wa kawaida tu, umejitanua ukajaza skrini. Shikilia Esc sekunde chache, au bonyeza F11, utaona vichupo vyako (tabs) vimerudi juu. Kisha Ctrl na W kwa pamoja, ukurasa unafungwa. Ukigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, chagua kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) kwenye orodha inayofunguka, kifunge kwa nguvu. Ukikiwasha tena kikakuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa, maana utamrudisha mgeni yuleyule. Na hiyo namba usiipige. Ukurasa wa wavuti hauna uwezo wa kupekua kompyuta yako na kuhesabu virusi. Anayepokea simu ni tapeli anayesubiri umpe kadi au umfungulie mashine aingie kutokea huko aliko.

King'ora kilikuwa cha siku moja. Kilichonitesa wiki nzima ni lile "Ruhusu". Kila baada ya dakika chache, kwenye kona ya chini kulia, kinachomoza kikaratasi: umeshinda simu, betri inaharibika, mara wasichana wamevaa nusu. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama nyuma yangu tunapanga ratiba ya mazishi, kikachomoza kimoja ambacho sitakielezea hapa. Mzee alikohoa, akatoka nje kuangalia mvua. Mvua haikuwepo.

Niliscan na programu ya kuzuia virusi, hakuna kitu. Niliondoa kivinjari nikakiweka upya, nikaingia kwa akaunti yangu ileile, vikaratasi vikaanza tena. Mpaka nilipotulia ndipo nikaelewa kwamba havikuwa virusi. Zilikuwa arifa (notifications), kitu halali kabisa, ambacho mimi mwenyewe nilikipa ruhusa kwa kidole changu. Uhakiki wa kweli wa roboti unakutaka uweke tiki au uchague picha za baiskeli na taa za barabarani. Haukuombi hata siku moja ruhusa ya kukutumia arifa.

Kuziondoa ni dakika mbili. Kwenye Chrome gusa nukta tatu, ingia Mipangilio, halafu Mipangilio ya tovuti (kwenye kompyuta iko ndani ya Faragha na usalama), kisha Arifa. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Majina mengine hayasomeki, herufi na tarakimu zimechanganywa kama namba ya injini ya pikipiki. Futa zote usizozitambua. Ukishamaliza, hapohapo juu zima kabisa uwezo wa tovuti kuomba ruhusa hiyo. Mimi sijawahi kuona tovuti ambayo arifa zake nilizikosa.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja anayenunua viazi Uyole na kuvipeleka Dar. Shikamoo, marahaba, akaweka simu mezani kama anayeweka kuku mgonjwa. "Mwanangu, simu yangu imelogwa. Nikiangalia hela imeingia au haijaingia, hivi vinashuka kwa juu vinafunika." Nikavuta pazia la arifa kwa kidole: zilikuwa sitini na kitu, zote za Chrome. Fundi mmoja alishamwambia simu inatakiwa kuflashiwa, yaani kufutwa na kuwekewa mfumo upya, elfu kumi. Nikamwonyesha: usiifungue arifa, ikandamize kwa kidole bila kuachia, yenyewe itakuonyesha imetoka programu gani, na kwa Chrome, imetoka tovuti ipi. Zake zilitoka tovuti tatu. Moja ni ya nyimbo, ambako mwanawe alikwenda kutafuta kwaya. Tukazizima hapohapo, akiangalia, kisha nikamrudishia simu azime ya tatu mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaweka programu yoyote ya "kusafisha" simu, jiulize tangazo linatokea wapi. Likishuka kutoka juu kama ujumbe, ni arifa. Likitokea ukiwa ndani ya ukurasa fulani tu, ni ukurasa. Likitokea hata kivinjari kimefungwa, unapiga simu au unatazama picha, basi ni programu iliyomo kwenye simu yako, na kivinjari unakionea.

Nianze na kurasa. Vivinjari vyote vikubwa vinazuia madirisha yanayochomoza yenyewe, na Chrome tangu mwaka 2018 imekuwa ikizima matangazo kwenye tovuti zinazokiuka viwango vya usumbufu. Mbona bado yanapita? Kwa sababu yanakusubiri ubofye. Ukigusa mahali popote, hata pasipo na kitu, kivinjari kinaona ni wewe uliyeomba dirisha jipya. Ndiyo maana kwenye tovuti za mpira wa bure na za nyimbo mguso wa kwanza unakupeleka kwenye kamari, wa pili kwenye mikopo, wa tatu ndio unacheza. Nyingine zinakufungia njia ya kurudi: unabonyeza mshale wa nyuma, unabaki palepale. Kwenye kompyuta, kandamiza huo mshale bila kuachia, itafunguka orodha ya kurasa ulizopitia, ruka mpaka ile unayoitaka. Kwenye simu usishindane nao, funga kichupo.

Aliyetuletea haya madirisha anajulikana, na ameshaomba radhi. Ni Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi Tripod, kampuni ya kuhifadhi kurasa za watu kwenye wavuti, miaka ya 1990. Mwaka 2014 alieleza kwamba kampuni moja ya magari ilikasirika kukuta tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya chumbani, ndipo yeye akaandika programu ya kulifungulia tangazo dirisha lake, lisionekane linahusiana na ukurasa. Radhi nimeipokea, ingawa mzee wa kanisa sidhani.

Ukitaka kuyamaliza, weka kizuia matangazo. Ninachotumia dukani ni uBlock Origin juu ya kivinjari cha Firefox. Ni ya bure, na mwenye kuitengeneza, Raymond Hill, hata michango hapokei. Angalia jina vizuri, kuna nyingine inaitwa uBlock bila Origin, hiyo si yenyewe. Ichukue kwenye duka la viendelezi (programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari) la Firefox lenyewe, usiitafute Google ukabofya cha kwanza. Ikishakaa, alama yake ndogo juu inaonyesha namba ya vitu ilivyozuia, na kwenye baadhi ya magazeti utaona namba inapanda huku hata hujasoma aya ya kwanza. Yote hayo yalikuwa yanakula bando lako. Kwa watu wa Chrome ya kompyuta, uBlock Origin ya asili imeshaondolewa huko baada ya Google kubadilisha kanuni za viendelezi. Iliyopo ni uBlock Origin Lite, ambayo ina nguvu pungufu lakini inafaa. Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa. Firefox ya Android inapokea, na hiyo pekee ndiyo sababu ya mimi kuhama. Wenye iPhone, ingieni Mipangilio, Safari (kwenye iOS mpya iko ndani ya Apps), washeni kuzuia madirisha, halafu mtafute kizuia matangazo cha Safari kwenye App Store.

Kuna wanaosema kuzuia matangazo ni kuwanyima watu riziki. Ni kweli kwa kiasi fulani, na mimi nina tovuti mbili za habari nilizoziruhusu, maana matangazo yao yanakaa pembeni kwa adabu. Unabofya alama ya uBlock, unagusa kile kitufe kikubwa cha kuzima, kinazima kwa tovuti hiyo tu. Lakini nisingemwacha mteja wangu bila kizuizi kwenye matokeo ya Google. Mwezi Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba wahalifu wananunua matangazo kwenye injini za kutafuta, yanakaa juu kabisa na kufanana na kampuni halisi, na moja ya ushauri wao ulikuwa kutumia kizuia matangazo unapotafuta. Fikiria mtu anayeandika "kuomba cheti cha kuzaliwa" na kubofya cha kwanza bila kuona kimeandikwa kuwa ni tangazo. Dukani tuna karatasi ukutani yenye anwani za mifumo ya serikali, zote zinaishia na .go.tz, na tunaziandika herufi kwa herufi.

Kizuizi nacho kina siku zake za kuudhi. Kuna mifumo ambayo ukibofya kuchapa bili yenye namba ya malipo, inataka kuifungua kwenye dirisha jipya, na kivinjari kinalizuia kimyakimya. Mteja anabofya mara kumi, hakuna kitu, anasema mtandao mbovu. Tazama kwenye upau wa anwani, upande wa kulia: kuna kialama kidogo cha dirisha lililozuiwa. Kibofye, uruhusu kwa tovuti hiyo tu. Kwenye Firefox ni mstari mwembamba unaotokea juu ya ukurasa. Nimewahi kumrudisha mtu nyumbani Iyunga kwa kutokujua hili, kesho yake bili ikatoka kwa mbofyo mmoja.

Sasa zile zinazotokea kivinjari kikiwa kimefungwa. Dereva mmoja wa bajaji wa Kabwe alikuwa hawezi kupokea simu ya abiria bila kwanza kufunga tangazo la mchezo wa peremende. Ujanja ni huu: tangazo likiwa limejaza skrini, usilifunge. Fungua orodha ya programu zilizo wazi, uone tangazo limevaa jina na alama ya programu gani. Lake lilikuwa la tochi, wakati simu yenyewe ina tochi. Tukaiondoa. Zikiwa zinajificha, washa simu katika hali salama: kandamiza kitufe cha kuzimia, kisha kwenye simu nyingi unakandamiza neno la kuzima lililo kwenye skrini mpaka ikuulize. Hapo programu zote ulizopakua zinalala. Matangazo yakitoweka, mhalifu ni mmoja wao. Ondoa kuanzia ile ya karibuni, hasa za tochi, za kuongeza kasi ya simu na za kupoza betri. Pia ingia kwenye ruhusa ya kuonyesha juu ya programu nyingine, uone nani amepewa na anaihitaji ya nini.

La mwisho ni kwa wenye Android 9 na kuendelea, na ndilo nililomwekea mama wa viazi kwa sababu halihitaji kujifunza chochote. Kwenye mipangilio ya mtandao tafuta DNS ya faragha, ambayo simu za Kiingereza zinaiita Private DNS. DNS ndiyo inayoigeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva, yaani kompyuta inakokaa tovuti hiyo. Chagua kuandika jina la mtoa huduma, weka dns.adguard-dns.com, hifadhi. Simu inapouliza anwani ya seva nyingi za matangazo haijibiwi, ziwe za kivinjari au za ndani ya programu. Matangazo ya YouTube hayaguswi, maana yanatoka mlango mmoja na video zenyewe.

DNS hiyo inamgomea mama wa viazi kwenye wifi za nyumba za wageni, zile zinazokutaka ujaze jina kwanza. Alinipigia kutoka Makambako saa nne usiku, lori limelala, intaneti haifunguki. Nikamwambia arudishe DNS kwenye otomatiki, ajaze jina, akishaingia aandike tena ile anwani. Akaniomba niisome taratibu, anaiandika nyuma ya risiti ya mizani.