Usikate stika kabla ya "nimekubali"

Kaka, umeuliza mchoro wa kibao umwonyesheje mteja na bei uipangeje. Natengeneza vibao hapa Ngamiani, Tanga. Usikate stika ya herufi mpaka aandike "nimekubali" WhatsApp, chini ya picha yenye vipimo na maneno yote. "Sawa" ya mdomo iliniumiza: kibao cha saluni, tarakimu moja ya simu ikakosewa, nikarudia kwa hela yangu. Siku hizi naipiga namba iliyo kwenye mchoro mpaka simu yake iite. Rangi mpe kipande cha stika akitazame nje juani, kioo cha simu kinadanganya.

Bei: plaiwudi unainunua nzima, futi 4 kwa 8. Kibao cha futi 3 kwa 5 ukimtoza futi za mraba 15 tu, zile 17 umezilipia wewe, na kipande kilichobaki hakitoi kibao kingine cha kipimo hicho. Toza ubao mzima. Marekebisho mawili bure, la tatu alipie. Nusu ya hela ianze kabla hujanunua chochote.

Halafu weka skrubu za stenlesi kwenye hesabu. Upepo wetu wa chumvi huzitia kutu skrubu za kawaida, kutu ikachuruzika juu ya maandishi.