Jibu: Shadowrun ya 2007, inafaa?
Ndugu, umeuliza kama Shadowrun, mchezo wa video wa kupigana kwa timu, ina maana yoyote wakati haina hadithi ya kucheza peke yako. Kwangu inafaa, mradi uwe na wenzako wa kucheza nao. Utamu wake ni bunduki na uchawi kwa pamoja: unapenya sakafu kiuchawi, unamtokea adui kwenye ghorofa ya chini, risasi mbili kabla hajageuka. Mwenzako akifa unamfufua, lakini wewe ukiuawa, yule uliyemfufua anaanza kuvuja damu mpaka afe. Hapo ndipo timu huanza kulaumiana, mimi nikiwemo! Ramani ni chache, hilo nakubali. Studio iliyoutengeneza, FASA, ilifungwa mwaka huohuo wa 2007, kwa hiyo usitarajie nyongeza. Maroboti ya mazoezi, yaani wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta, yapo, ila yanachosha upesi.